Uzoefu wangu na programu ya visawe: "mtandao", "mfumo" na jamaa zake

Ukitaka kisawe cha "nzuri", programu yoyote ya visawe itakutosha. Kipimo chenyewe kiko kwenye ukoo wa "mtandao" na "mfumo", na hapo ndipo hii ninayoitumia kwenye simu inapopwaya, ingawa sijaifuta.

Naandika makala za sayansi, na maneno haya hayakwepeki. Ukieleza neva, misitu, kompyuta au mabenki, unaeleza vitu vilivyoshikana. "Mtandao" likirudi mara nne katika aya moja, msomaji anachoka, na mwandishi pia.

Nikiliandika, programu inaniletea: wavu, utando, mfumo, intaneti, wavuti, mfungamano. Maneno mazuri, ila yamepangwa kana kwamba lolote laweza kukalia kiti cha mwenzake. Chukua intaneti na wavuti. Intaneti ni kompyuta zilizounganishwa, na asili yake ni ARPANET, mtandao wa utafiti wa Marekani ulioanza kufanya kazi mwaka 1969. Wavuti ni kurasa zinazoitana kwa viungo juu ya intaneti hiyo, wazo alilolipendekeza mwanasayansi wa kompyuta Tim Berners-Lee mwaka 1989 akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya. Barua pepe inaweza kusafiri kwenye intaneti bila wavuti kuhusika. Ukiyabadilisha maneno hayo, sarufi inabaki safi na habari inakuwa ya uongo.

Mtandao na mfumo vivyo hivyo. La kwanza linauliza nani ameunganishwa na nani. La pili linauliza sehemu hizo kwa pamoja zinafanya kazi gani. Ndiyo maana tunasema mtandao wa wezi (mfumo wa wezi ungekuwa na ofisi na mhuri), na mfumo wa mmeng'enyo wa chakula hakuna anayeuita mtandao. Neva ndizo zinazokubali yote mawili: mfumo wa neva ukiwa na maana ya ubongo, uti wa mgongo na kazi zake, mtandao wa neva ukiwa na maana ya jinsi seli zinavyopashana ishara. Sentensi mbili tu za mfano zingetosha kuonyesha haya. Programu haina hata moja.

Kilichonikera zaidi ni kukuta "tata" na "changamano" vimewekwa bega kwa bega. Mwanafunzi yeyote wa sekondari anajua kuwa sentensi tata ni ile yenye maana zaidi ya moja, na sentensi changamano ni yenye kishazi tegemezi ndani yake. Akiyachanganya kwenye mtihani, alama zimekwenda. Kwenye sayansi pia tofauti ipo: mfumo changamano una sehemu nyingi zinazoathiriana, kama hali ya hewa, ukiuita mfumo tata, msomaji anaweza kudhani una kasoro au haueleweki.

Sasa sifa zake, maana zipo. Upande wa vitenzi umefanyiwa kazi na mtu anayekijua Kiswahili. Nilitafuta namna ya kusema vitu vimeunganishwa, nikapata kuungana, kuunganika, kufungamana, kushikamana, kuingiliana, kutegemeana, kusokotana. Hiyo -ana ya kutendana inabeba mzigo ambao nomino haziwezi kuubeba. Nyuki na maua hutegemeana, mizizi husokotana, masilahi ya wafanyabiashara hufungamana, na mipaka ya taaluma huingiliana. Mara nyingi naiacha nomino kabisa: badala ya kusaka kisawe cha tano cha "mtandao", naandika kwamba viumbe wa msituni hutegemeana, na sentensi inapumua.

Utafutaji unahitaji matengenezo. Ukiandika "mifumo" au "nyavu" hupati kitu. Lazima uanze na umoja. Kwa lugha yenye ngeli kama yetu, hilo halina udhuru. Vitenzi navyo vinataka umbo la msingi: andika "tegemea", kisha ushuke mwenyewe hadi "tegemeana". Matangazo yapo, lakini hayazibi maneno.

Nyota tatu kati ya tano. Kwa mwandishi mzoefu aliyesahau neno lililo ncha ya ulimi, ipakue. Mwanafunzi au mfasiri anayeanza aitumie akiwa na kamusi sanifu kando, hasa kwenye nomino. Nyota ya nne nitaitoa siku watakapoweka mifano ya sentensi na kuitambua "mifumo".