Unanunua gemu la dunia wazi? Tazama kwanza ugumu wake umewekwa wapi

Watu wakitaka gemu la dunia wazi, yaani lile unalozurura popote utakapo, swali la kwanza huwa ni ukubwa wa ramani. Mimi naona ukubwa ndio jambo la mwisho. Cha kuangalia ni ugumu umewekwa wapi. Ukiwa kwenye ardhi yenyewe, yaani kuna bonde ambalo ukiingia mapema utajuta, kila njia panda inakufanya ufikiri. Ukiwa kwenye menyu ya mipangilio tu, au adui akipanda levo (ngazi ya nguvu) kila unapopanda wewe, kupekua mapango kunakuwa kazi bure. Kwa kipimo hicho, hela yangu ningeitoa kwa mpangilio huu.

1. Elden Ring (FromSoftware, 2022)

Hakuna mahali pa kupunguza ugumu. Unatoka nje kwa mara ya kwanza, eneo la Limgrave, unamkuta mpanda farasi mwenye deraya ya dhahabu anazunguka njiani. Kwa kuwa ndiyo kwanza umeanza, unadhani amewekwa hapo akupe mazoezi. Atakuua, na ukirudi atakuua tena, mpaka uelewe kwamba unaruhusiwa kumpita.

Ndivyo ilivyo kwa Margit, bosi anayezuia njia ya ngome ya Stormveil. Wengi huganda kwake, wakachukia, wakafuta gemu. Dawa yake iko kusini, Weeping Peninsula. Huko kuna makanisa yaliyobomoka yenye machozi matakatifu yanayoipa nguvu chupa yako ya kujitibu, kuna mawe ya kuimarishia silaha, na kuna mabosi wadogo wa kujipimia. Zunguka huko, kisha rudi na upanga ulioimarishwa na mzimu wa kukusindikiza, uone Margit yuleyule anavyopigika. Anayetaka gemu liwe jepesi hupewa njia ya kulirahisisha, ila lazima aitafute kwa miguu.

Halafu kuna lile sanduku kwenye magofu ya Dragon-Burnt, karibu kabisa na mwanzo. Ukilifungua, moshi unakumeza na kukutupa ndani ya mgodi ulioko Caelid, nchi ya watu waliokomaa. Ramani, ambayo kwa kawaida hukurusha ulikokwishafika, haikurudishi ukiwa ndani ya mgodi. Unanyata gizani, unatoka nje, unakuta anga jekundu na viumbe ambavyo kugusana navyo ni kifo. Ni uonevu, na nimeupenda.

Kasoro yake ni kwamba kompyuta yako iwe na RAM ya GB 12 kwenda juu na nafasi ya GB 60, kwa hiyo piga hesabu ya bando mapema. Mwenye PS4 ya zamani asihofu, linacheza.

2. Dragon's Dogma: Dark Arisen (Capcom)

Hili wengi hulipita dukani kwa sababu sura yake ni ya zamani: gemu lenyewe ni la 2012 na kwenye kompyuta lilifika 2016. Lakini RAM ya GB 4 inalitosha, na kwenye mapigano sijaona la kulitisha kwa bei yake. Dudu kubwa hulipigi miguuni tu, unalidandia. Unamshika grifini, yule mnyama nusu tai nusu simba, manyoya, anaruka na wewe mgongoni, pumzi zikikuishia unaporomoka. Mchawi wako akiziwasha moto mbawa zake, anaanguka chini mwenyewe.

Na usiku ni usiku kweli. Bila taa huoni hatua tatu mbele, taa inakula mafuta, ukizama majini inazimika. Safari ya kwenda kijiji cha jirani inaanza kwa kuangalia jua limefika wapi. Hadithi yake, tuseme ukweli, ni ya kuvumilia.

3. The Witcher 3: Wild Hunt (CD Projekt Red, 2015)

Kama unanunua kwa ajili ya hadithi, lipandishe mpaka namba moja na usinisikilize. Wapolandi hawa wameandika visa vya pembeni vinavyozidi kisa kikuu cha magemu mengine. Kwenye ugumu ndipo linapolegea. Viwango viko vinne. Chagua cha tatu, Blood and Broken Bones, kwa sababu hapo kutafakari, yaani kuketi upumzike, hakukurudishii uhai, hivyo chakula na dawa vinapata kazi. Kwenye viwango viwili vya chini utamaliza gemu bila kujua mafuta ya upanga yanatumikaje.

Kupekua ndiko kunachosha. Ramani imejaa alama za kuuliza, na za baharini kwenye visiwa vya Skellige nyingi ni makasha ya magendo yanayofanana. Zizime, ufuate barabara na maneno ya watu. Nunua Complete Edition, nyongeza zake mbili zimo ndani.

4. Skyrim (Bethesda, 2011)

Ni la mwenye laptopu chovu. Kupekua ni kutamu, pango linaficha pango. Ugumu wake ndio wa hovyo: ukiweka Legendary, kiwango cha juu kabisa, pigo lako linakuwa robo na la adui mara tatu, basi. Jambazi haongezi akili hata chembe, anachelewa tu kufa. Afadhali majitu ya karibu na mji wa Whiterun, ambayo rungu moja linakurusha mawinguni. Hayo angalau yanajua kukufukuza.

La kuliacha kwa haja hii ni Assassin's Creed Odyssey (2018). Ugiriki yake ni nzuri ajabu, ila maadui wanapanda levo pamoja nawe, na dukani mwake wakauza kiongeza cha kudumu cha pointi za kupandia levo kwa pesa halisi. Anayekuuzia njia ya mkato ana sababu ya kuirefusha barabara.

Ukinunua Steam, duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta, hela inarudi kama hujapitisha siku 14 wala kucheza saa 2. Muda huo unatosha kujua kama mashine yako inalibeba. Na Shadow of the Erdtree, nyongeza ya Elden Ring ya 2024, usiichukue siku hiyohiyo hata ikiwa na punguzo. Haifunguki mpaka uwaue mabosi wawili, Radahn na Mohg, na Mohg wengi hawamfikii.