Miezi minane na fiksi niliyoijenga Kinondoni

Tuta la kwanza ndilo lililonifundisha. Nilikuwa nimetoka kijiweni kwa fundi, hata mita mia mbili sijamaliza, nikaliona tuta mbele yangu na kufanya nilichozoea tangu utotoni: nikaacha kukanyaga ili baiskeli ijiendee yenyewe. Pedali hazikusimama. Zilizunguka na miguu yangu, zikaninyanyua kutoka kwenye siti, nikaung'ang'ania usukani mpaka nikavuka. Moyo ulinienda mbio, lakini nilipofika kona niligeuza nikalirudia tuta lile lile. Hiyo ilikuwa Januari. Leo ni Agosti, na ukiondoa wiki nilizosubiri kipuri, karibu kila siku ya kazi nimeipanda baiskeli hii kwenda mjini na kurudi, kwa hiyo naona naweza kuisemea.

Kwa asiyeijua, fiksi ni baiskeli isiyo na frewili, kile kifaa cha nyuma kinachoruhusu pedali zisimame gurudumu likiendelea. Kwenye baiskeli ya kawaida ukiacha kukanyaga unasikia ule mlio wa tikitiki nyuma, gurudumu linaendelea na miguu inapumzika. Kwenye fiksi sproketi ya nyuma, lile duara la meno linaloshika cheni, imefungwa na habu, yaani kitovu cha gurudumu. Gurudumu likizunguka, pedali nazo zinazunguka, na ukitaka kupunguza mwendo unaikaza miguu dhidi yake. Nilianza kuitamani kwenye daladala, nikitumia saa nzima kutoka Mwananyamala hadi Posta, njia isiyozidi kilomita tisa. Dar sehemu kubwa ni tambarare. Halafu hewa yetu ya chumvi inakula kila chuma chembamba: waya za gia, springi, vile vidude vya kuhamisha cheni. Baiskeli yenye cheni moja, sproketi mbili na waya mmoja wa breki niliona ndiyo inayoufaa mji huu, na bado naona hivyo.

Fremu nilianza kuitafuta Kariakoo, nikaipata Ilala kwa muuza baiskeli za mtumba kutoka Japani. Ilikuwa baiskeli ya resi ya zamani, ya chuma, rangi imechubuka, gia za nyuma zimeganda kwa kutu. Nilitoa shilingi 220,000 kwa baiskeli nzima. Ukienda kutafuta, angalia kwanza pale ekseli ya nyuma inapokaa. Ule mwanya lazima uwe wa kulala, uelekee mbele au nyuma, ili uweze kulivuta gurudumu mpaka cheni ikaze. Fremu nyingi za kisasa zina mwanya unaoelekea chini, na hizo hazifai, kwa sababu fiksi haiwezi kutumia kile kimkono cha springi kinachokaza cheni: ukikaza miguu kurudi nyuma kitavunjika. Nenda na kisumaku mfukoni pia. Fremu ya chuma ikipinda fundi wa mtaani anaweza kuinyoosha. Ya aluminiamu usijaribu.

Fundi wangu ni mzee mwenye kijiwe chini ya mwarobaini, Kinondoni. Amezeeka na Phoenix na Avon, baiskeli za kubebea mkaa na mikate. Nilimwamkia, nikamweleza ninachotaka, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mjukuu wangu unataka baiskeli isiyopumzika."

"Ndiyo babu."

"Basi tuichomelee frewili, kazi iishe."

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu najua wengi wataambiwa hivyo hivyo na wataona wameokoa pesa. Alimpelekea mchomeleaji frewili ya kawaida, ikachomwa isizunguke, akairudisha kwenye habu. Jioni nikaijaribu, ikaenda vizuri. Siku ya tatu nilikuwa nashuka Barabara ya Kinondoni, bajaji ikakata mbele yangu, nikaikaza miguu kwa nguvu kurudi nyuma. Nikasikia mtikisiko mdogo, kisha pedali zikawa nyepesi kabisa, hazishiki kitu. Frewili ilikuwa imefunguka kwenye habu. Breki ya mbele ndiyo iliyoniokoa. Nilisimama hatua mbili kutoka kwenye bajaji, mikono inatetemeka, na mama mmoja muuza maembe akaja kunishika bega.

Sababu yake ni rahisi na kila anayetaka fiksi aijue. Frewili inafungwa kwa hesi ya kawaida, zile nyuzi za kuzungushia kama za skrubu, kwa hiyo ukikanyaga mbele inazidi kukaza. Ukikaza miguu kurudi nyuma unaifungua, sawasawa na kufungua kifuniko cha chupa. Kulehemu kumezuia frewili isizunguke ndani yake, hakujaizuia isitoke kwenye habu. Habu halisi ya fiksi ina hesi mbili: moja ya sproketi, na nyingine ndogo zaidi, ya kinyume, kwa ajili ya nati ya kufungia. Sproketi ikitaka kufunguka inaisukuma ile nati upande ambao kwake ni kukaza. Kadiri unavyoivuta nyuma ndivyo vinavyobanana. Fundi alipoiona mara ya kwanza aliizungusha mkononi muda mrefu, akasema, "Aliyefikiria hivi alikuwa fundi kweli." Nakubaliana naye. Hicho ni kipande cha chuma kisichozidi upana wa kiganja cha mtoto, na maisha yangu yanakitegemea kila asubuhi.

Habu hiyo Dar sikuipata dukani. Niliagiza mtandaoni pamoja na sproketi na nati yake, 185,000 mpaka mkononi, ikachukua wiki tano. Niliomba ya matundu 36 ili iingie kwenye ringi niliyokuwa nayo, muuzaji akatuma ya matundu 32, na kuirudisha kungegharimu karibu sawa na kununua nyingine. Liliniuma. Nilirudi Kariakoo kwenye magurudumu ya mtumba, nikachambua mpaka nikapata ringi nzima ya matundu 32. Hesabuni matundu kabla ya kulipa, na ombeni picha ya habu yenyewe. Fundi alilifuma gurudumu upya kwa siku moja, spoku moja moja, akilizungusha mbele ya jicho na kulisikiliza. Habu ilikuwa na upana wa milimita 120 na fremu ilikuwa 126, tukaongeza washa za milimita tatu kila upande. Cheni ndiyo ilinifurahisha zaidi: ile ile pana ya Phoenix, ya shilingi 10,000, inakaa vizuri kabisa. Kitu kinachoitwa cha mabingwa huko nje, vipuri vyake viko kila kijiwe cha Tanzania.

Sasa gia, ambayo ndiyo roho ya baiskeli hii kwa sababu hutabadilisha njiani. Mbele nilibakiza sproketi ndogo ya ile baiskeli ya resi, meno 42, nikatoa ile kubwa. Nyuma nilianza na meno 14 kwa kuwa nilitaka mwendo. Kila mzunguko wa pedali ulinipeleka zaidi ya mita sita. Kwenye tambarare ilikuwa raha, ila kuondoka kwenye taa za barabarani ilikuwa kama kusukuma mkokoteni, na siku niliyopanda Mlimani, Chuo Kikuu, magoti yaliniambia ukweli.

Kuna jambo jingine ambalo sikulitegemea. Baada ya mwezi tairi la nyuma lilikuwa limelika sehemu moja tu, karibu nyuzi zionekane, huku kwingine jipya. Nilikaa na karatasi nikaelewa: 42 ukigawa kwa 14 unapata 3 kamili. Kila miguu inaporudi pale pale unapoikaza, gurudumu nalo limezunguka mara tatu kamili, kwa hiyo kipande kile kile cha tairi kiko chini kinaburuzwa na lami. Nilibadilisha nikaweka meno 16. Hesabu ya 42 kwa 16 haigawanyiki sawasawa, na tairi sasa linagusa chini sehemu nane tofauti kabla ya kurudi lilipoanzia. Tangu wakati huo linalika taratibu na kwa usawa. Mzunguko mmoja ni kama mita tano na nusu. Nikikanyaga mizunguko 80 kwa dakika nakwenda karibu kilomita 26 kwa saa, na hiyo inatosha kabisa kwa mji huu. Kama ningeanza upya ningeanza na 16.

Breki ya mbele usiitoe. Najua picha nyingi za fiksi hazina breki, na najua zilikotoka: ni baiskeli za viwanjani. Japani mbio za baiskeli za uwanjani ziitwazo keirin zilianza mwaka 1948 mjini Kokura, wapandaji wanatumia baiskeli za gia moja iliyofungwa na hawana breki hata moja. Lakini kule wote wanaelekea upande mmoja, njia ni laini, na hakuna anayeshusha abiria katikati. Sisi tuna daladala zinazoingia kituoni bila ishara, bodaboda zinazokuja upande wako, na mlango wa gari unaofunguliwa ghafla. Miguu inapunguza mwendo. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha. Nimeyatumia yote mawili siku moja mara tano na zaidi.

Matuta nimeshayazoea: unanyanyuka kidogo kwenye siti, magoti yanalegea, unaacha pedali zipite chini yako. Rasta, vile vituta vyembamba vilivyopangwa kukatiza barabara, ndizo zinazochosha. Zinakuja sita sita, mikono inakufa ganzi. Kwa ajili yake niliachana na tairi nyembamba nikaweka za milimita 32, na hiyo ndiyo pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote. Na kwenye kona kali usilale sana upande, maana huwezi kuinua pedali ya ndani na kuisubiri. Itagonga lami.

Nguo nayo ni jambo la kweli, hasa kwa sisi wanawake. Kwenye baiskeli ya kawaida upindo ukiingia kwenye cheni unaacha kukanyaga. Hapa cheni inaendelea kuvuta. Mimi navaa suruali, upindo wa kulia nimeubana kwa klipu, sketi ya ofisini iko kwenye begi. Kamba za viatu naziingiza ndani kabisa. Miguu lazima ishikwe na pedali pia, maana ikichomoka kwenye kasi huwezi kuirudisha kirahisi wakati pedali zinakupiga visigino. Mikanda ya ngozi nilishonewa na fundi viatu wa mtaani kwetu kwa 12,000, na ni imara kuliko ninayoiona ikiuzwa.

Asubuhi nikiwahi sipiti Daraja la Selander. Nazunguka kwa Oysterbay nipite Daraja la Tanzanite, lile lililofunguliwa mwaka 2022, bahari kulia na kushoto. Juni na Julai kusi inavuma usoni ukielekea mjini, na hapo ndipo baiskeli hii inapokuonyesha ilivyo. Huna gia nyepesi ya kukimbilia. Unainama, unakubali mwendo upungue, na kwa kuwa gurudumu linaisukuma miguu irudi juu kila mzunguko, unahisi kama kuna mtu anakanyaga pamoja nawe. Hakuna mlio wowote nyuma, ni cheni na upepo tu. Jioni ukirudi kusi ile ile inakusukuma mgongoni, pedali zinazunguka haraka kuliko ulivyokusudia, na kazi yako inakuwa kuzituliza. Nimeishi Dar miaka yangu yote na sikuwahi kuujua upepo wake hivi.

Yanayonisumbua yapo. Hewa: ringi zangu zina tundu dogo la valvu nyembamba, na pampu za vijiweni nyingi haziishiki. Natembea na kiunganishi kidogo cha shaba na tyubu moja ya akiba, kwa sababu tyubu ya saizi hii hutaipata kila mtaa. Masika cheni ilipata kutu kwa usiku mmoja. Siku hizi naifuta kila Jumamosi na kuitia oili, na naangalia mlegeo wake, usizidi sentimita moja katikati. Ikilegea ikatoka inaweza kulibana gurudumu ghafla, na hilo silitaki barabarani. Spana ya 15 haitoki kwenye begi langu. Mizigo sahau. Na kama kwenu ni Kimara na unarudi na kilima kila jioni, au magoti yako yana shida, tafuta baiskeli yenye gia na uipande kwa amani. Ukiwa katikati, agiza habu ya pande mbili, upande mmoja fiksi na wa pili frewili, unageuza gurudumu siku ukichoka.

Gharama zote, pamoja na sproketi ya pili, ringi na spoku, tairi, rangi ya kupuliza na ujira wa fundi, zilifika 737,000. Frewili ile ya kuchomelea sikuihesabu, kwa sababu Babu alikataa kuipokea pesa yake. Ameining'iniza kwenye msumari pale mwarobaini, na kijana akija kumwomba amchomelee ya kwake, anaishusha na kumwonyesha hesi kwanza.