TAHADHARI: Unatuma mzigo nje ya nchi kupitia ajenti? Angalia jina la mtumaji!!

Jamani leo siku ya tatu sina raha, naandika mikono inatetemeka. Ule mzigo wa mdogo wangu wa Leicester, wanaojua ishu ya harusi wanajua nilivyohangaika, madira 6 ya sare nimeshona mwenyewe usiku usiku na kanga doti 10, umeliwa. Kaula ajenti wa mizigo hapo Kariakoo, kule kwenye uchochoro wa wauza mabegi.

Na msiniambie nilikurupuka. Huyu kaka alishamtumia shangazi vyeti vya mtoto vikafika Uingereza salama kabisa. Nimefika kanipa kiti, kanipa maji, kapima mzigo mbele ya macho yangu kilo 4 na nusu, kaufunga vizuri mpaka nikasema huyu kazi anaijua. Ikaja ile fomu ya forodha, CN23, nikashika peni niandike jina langu na S.L.P. ya kazini, akaitoa peni mkononi mwangu taratibuuu, "dada ukiweka boksi yako kule forodha watakusumbua, weka ya ofisi, sisi wanatujua." Kaandika yeye. Jina lake, simu yake, boksi yake, na pale chini pa mtumaji kasaini yeye, mimi nimesimama hapohapo naangalia! Nikatoa laki na 80 na asante juu.

Namba ya kufuatilia ilikuwa ya kweli, herufi 2, tarakimu 9, mwisho TZ, kila asubuhi naifungua naona mzigo umetoka Dar, umefika Uingereza, moyo mweupe. Mara anwani haijakamilika, unarudishwa kwa mtumaji. Nampigia, "tulia dada, ukirudi nakuita." Wiki ya kwanza, ya pili, kimya. Juzi niko kwenye daladala napitia stetasi zake za WhatsApp nikaliona dera la zambarau, shingoni nimemalizia na uzi wa pinki kwa sababu wa zambarau uliniishia saa 8 usiku. Dera langu! Kaandika mzigo mpya, elfu 35. Nililia watu wananiangalia.

Nikaenda posta. Dada wa dirishani akaangalia, akasema mzigo ulirudi, mtumaji kaja na kitambulisho kauchukua. Mtumaji yupi? Yeye! Akanielewesha kwamba kwa sheria za posta za kimataifa mzigo unabaki mali ya mtumaji mpaka umfikie mwenyewe aliyetumiwa, na posta inamjua mtumaji aliyeandikwa, aliyetoa hela haimjui. Nimerudi nyumbani nikaitoa nakala ya fomu, anwani ya mdogo wangu haina namba ya nyumba wala postikodi, wakati vyote nilimtumia kwenye meseji na meseji ninayo. Aliiandika hivyo ili mzigo urudi, na urudi kwake.

Huyu anyang'anywe leseni, afungwe, alipe kila doti, na mwenye fremu anayempangisha naye aulizwe, maana mimi siwezi kuwa wa kwanza!

Kwa hiyo akikwambia usiandike jina lako, beba mzigo wako uondoke. Anwani yako wewe, ya hapahapa nchini, ikae juu kushoto kwenye mzigo na kwenye fomu pia, na usaini mwenyewe. Kuna kisehemu cha kuchagua mzigo usipopokelewa urudishwe au utelekezwe, mimi hata sikukisoma. Na anwani ya kule isome herufi kwa herufi kabla hajaifunika na gundi.

RB ya polisi nimeshachukua. Kama na wewe fomu yako ilijazwa kwa jina lake njoo inboksi na picha ya risiti, Jumatatu saa 3 asubuhi narudi kituoni na nataka tuwe wengi.