Gauni la Vivo, mikononi mwa fundi cherehani

Nguo yoyote nikiishika, kwanza naigeuza ndani nje. Nje kila nguo ni bibi harusi. Ndani ndiko kwenye nyuzi zinazoning'inia na pindo lililopindwa kwa haraka. Kwa hiyo binti wa dada yangu aliponiburuta hadi Vivo, duka la nguo pale City Mall, Nyali, Mombasa, akitaka nimsaidie kuchagua gauni la kazini, nililitoa kwenye hanga na kuligeuza palepale. Yeye akaona aibu. Msichana wa duka akacheka tu, akaniambia, "Angalia, mama, angalia vizuri."

Nikaangalia. Ni gauni la jezi nyeusi, kile kitambaa kinachonyumbuka, nzito kiasi, mikono robo tatu, shingo ya mviringo. Kiuno kimekatwa juu kidogo ya kitovu, halafu linafunguka mpaka chini ya goti. Halina zipu wala kifungo, unalivaa kwa kichwani. Mishono ya pembeni imepigwa ovaloki, ule mshono wa kuzungusha ukingo wa kitambaa, ya nyuzi nne. Hii ni habari njema, maana ovaloki ya nyuzi tatu kwenye jezi ni ya kumalizia ukingo, si ya kubeba mwili wa mtu anayekaa na kuinuka siku nzima. Pindo limepigwa kwa mashine ya sindano mbili, ile inayoacha mistari miwili juu na nyuzi za kunyumbuka chini yake. Mabegani, ndani ya mshono, wamepitisha utepe mwembamba ili jezi isivutike na kushuka kwa uzito wake yenyewe.

Lakini kilichonifanya nikae chini kwenye kile kistuli cha kujaribia viatu ni mifuko. Fundi wengi tunatia mfuko wa pembeni tukaacha uning'inie ndani kama soksi. Weka simu, gauni zima linainamia upande mmoja. Hapa mfuko umeshikizwa juu, kwenye mshono wa kiuno, kwa hiyo uzito wa simu unabebwa na kiuno, si na ubavu. Hiyo si kazi ya mtu aliyechora gauni kwenye karatasi akaenda zake. Kuna mtu amelivaa, akatembea nalo, akarudi kulalamika.

Mwenye kampuni hii ni Wandia Gichuru, na ukijua alikotoka utalielewa gauni vizuri zaidi. Hakuanzia kwenye cherehani. Alifanya kazi Umoja wa Mataifa, Benki ya Dunia na idara ya misaada ya serikali ya Uingereza, mambo ya maendeleo na makaratasi yake. Mwaka 2011 yeye na mwenzake Anne-Marie Burugu wakaanzisha Vivo Activewear jijini Nairobi, wakileta kutoka nje nguo za dansi na mazoezi. Wateja ndio waliowageuza njia. Wanawake walitaka nguo zinazonyumbuka namna ile, ila za kwenda nazo ofisini, kanisani, kwenye harusi ya binamu. Wakaacha kuagiza, wakaanza kubuni na kushona hapahapa Kenya. Ndiyo maana mpaka leo jezi imejaa dukani mwao. Lile gauni jeusi la mpwa wangu, ukilifuata nyuma kwa ukoo, babu yake ni suruali ya mazoezi.

Wengi walimfahamu kwenye runinga, kuanzia 2016, alipokaa miongoni mwa wale matajiri wa kipindi cha KCB Lions' Den wakisikiliza watu wakiomba mtaji. Mimi nilimpenda kwa sababu alikuwa anauliza maswali ya hesabu.

Niseme kwa nini jambo hili linanigusa. Nilishona kwenye kiwanda kimoja cha EPZ, yale maeneo ya viwanda vya kuuza nje, jina tuliache. Kwenye laini yetu kila mtu alikuwa na kipande chake. Changu kilikuwa mifuko ya nyuma ya jinzi. Tageti iliandikwa ubaoni kila saa na supavaiza alisimama nyuma ya shingo yako. Jinzi zenyewe zilikwenda Marekani chini ya sheria ya AGOA ya mwaka 2000, iliyoruhusu nguo zetu kuingia kule bila ushuru hata kama kitambaa kimetoka Asia. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyeivaa ile jinzi ikiwa mpya. Tuliivaa baadaye, ikirudi kwenye marobota ya mitumba, tukiinunua soko la Kongowea tukitafuta kama mfuko wa nyuma umeshonwa na sisi.

Na viwanda vilivyokuwa vinamvalisha Mkenya mwenyewe vilishakwisha. Wazee wanakumbuka Kicomi ya Kisumu na Rivatex ya Eldoret. Soko lilipofunguliwa miaka ya tisini, mitumba na vitambaa vya bei rahisi vikaingia, mashine zikanyamaza. Rivatex ilikuja kufufuliwa chini ya Chuo Kikuu cha Moi, lakini fundi mtaani bado anashona kitambaa cha nje. Katika hali hiyo, mwanamke kusema atashona nguo mpya Nairobi na kumuuzia Mkenya, si Mmarekani, ilikuwa ni kwenda kinyume na maji. Leo ana maduka nchi nzima, yuko Kigali, na mwaka 2024 akafungua duka Atlanta, Marekani. Ile njia ya nguo zetu kwenda Marekani na jina la mtu mwingine, yeye ameipita na jina lake mwenyewe kwenye lebo.

Turudi kwenye bei, maana najua ndiyo mnayoisubiri. Gauni lilikuwa elfu nne na kitu. Kongowea kwa mia mbili unapata gauni la Uingereza lenye afya, ukiamka mapema. Lakini tusidanganyane. Kwangu mimi mshono wa gauni la kitenge ni elfu moja mia tano na kitambaa unakuja nacho wewe. Nunua kitenge cha maana, ongeza bitana na nauli ya kuja kujaribisha, tofauti si kubwa kama inavyosikika. Halafu jezi si ya kila cherehani. Wateja huniletea picha kwenye simu, "Nishonee kama hii ya Vivo," na mimi huwaambia ukweli: kwa mashine ya mshono mmoja wa kunyooka, uzi utakatika siku ya kwanza utakapopanda matatu.

Umbo nimelipenda. Nguo nyingi za madukani zimekatwa kwa mwanamke asiye na makalio. Ukiipata inayopita nyuma, kiunoni inaweza kuingia watu wawili. Hili limepewa nafasi pale panapohitaji nafasi na kubana pale panapohitaji kubanwa. Mpwa wangu ana mwili wa ukoo wetu, akalivaa, akajigeuza kwenye kioo, akatia mikono mifukoni. Tukalipa.

Nani asilinunue? Kama unavaa buibui juu, jezi nzito ndani ya Mombasa ya Februari ni adhabu ya kujitakia. Chagua yale ya kitambaa chepesi. Kama unapenda nguo ya kusimama, iliyopigwa pasi mpaka inakata, jezi haitakuridhisha, inamwagika tu. Na kama unanunua kwa mtandao, kwenye Shop Zetu yao, chukua tepu ujipime kifua, kiuno na makalio kabla hujachagua saizi, usitegemee saizi ya gauni la zamani. Nguo ya ovaloki huwezi kuniletea niipanue, hakuna akiba ya kitambaa ndani. Kupunguza naweza.

Kufua: maji ya baridi, geuza ndani nje, usikamue kwa kusokota. Usilianike kwa mabega kwenye kamba likiwa linadondosha maji, utepe ule wa mabegani unasaidia lakini haufanyi miujiza. Likunje katikati juu ya kamba, kivulini, na pasi ya moto mdogo inatosha, ukitaka hata hiyo.