Church Brew Works, Pittsburgh: nilikula mbele ya altare

Mdogo wangu anaishi Pittsburgh, Marekani, na nilipomtembelea alinipeleka kula Church Brew Works, pale Liberty Avenue, mtaa wa Lawrenceville. Hakuniambia ni mahali gani. Nilipovuka mlango mkono wangu ulikwenda wenyewe kutafuta maji ya baraka.

Lilikuwa kanisa la parokia ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji. Jengo ni la 1902, na waamini wake walikuwa wahamiaji: Waskoti na Waayalandi, kisha Wapolandi, Waitaliano na Wajerumani. Viwanda vya chuma vya mji vikaanguka, watu wakahama, na mwaka 1993 jimbo Katoliki likaifunga parokia. Agosti 1996 milango ikafunguliwa tena, safari hii ni mgahawa unaopika bia yake humohumo.

Chakula ni kizuri, nasema kweli. Niliagiza pierogi, unga uliokunjwa kama sambusa nene, ndani viazi na jibini, juu vitunguu vilivyokaangwa kwa siagi. Nilimaliza sahani. Mdogo wangu alikunywa Pious Monk, bia yao nyeusi, akaisifu.

Lakini kilichonishika ni benchi nililokalia. Ni la mti wa mwaloni, lilelile la kanisani. Mabenchi yalikuwa na urefu wa futi 24, yakakatwa yakabaki futi nne na nusu, na mbao zilizobaki zikajenga kaunta ya baa. Nilipitisha kidole juu ya egemeo: ukingo umelainika kama mpini wa jembe la zamani. Ni mikono ya watu waliopiga magoti nyuma yake miaka na miaka. Nikamkumbuka bibi yetu kule Rombo, Kilimanjaro, aliyebeba mawe ya mtoni kichwani kila Jumamosi ili kigango chetu, kanisa dogo la kijijini, kipate msingi. Na hawa walikuwa hivyohivyo, vibarua wenye mishahara midogo.

Palipokuwa altare, chini ya kuba la samawati, yamesimama matangi ya bia, makubwa, yanang'aa. Hapo moyo ulinikataa. Nilibadilishana nafasi na mdogo wangu, nikayapa mgongo.

Kesho yake alinipitisha Barabara ya 28, palipokuwa kanisa la Mtakatifu Nikolao la Wakroatia, parokia yao ya kwanza Marekani, iliyoanzishwa 1894. Ilifungwa 2004, na 2013 kanisa likabomolewa. Niliona magari yanapita tu. Tangu hapo matangi yale nayavumilia, maana walau benchi lipo na mtu anaweza kuligusa.

Nimewapa nyota nne. Ukienda na mzazi Mkatoliki, mwambie kabla hamjaingia. Nendeni mchana, ombeni meza ya pembeni karibu na vioo vya rangi. Siku ile mwanga mwekundu ulikuwa umelala juu ya sahani yangu, na nilisali Salamu Maria moja kwa ajili ya waliolijenga kanisa lile, kabla sijashika uma.