Supachaja au turbo kwenye Mazda MX-5: uzoefu wangu

Nimefunga supachaja kwenye MX-5 yangu ya lita 1.8, gari dogo la michezo, na ukiniuliza leo nitakwambia ningeifunga tena. Supachaja na turbo zote ni pampu zinazosukuma hewa ya ziada ndani ya injini ili iongeze nguvu. Kabla ya kuamua niliendesha MX-5 nyingine iliyofungwa turbo, kwa hiyo hapa nasimulia nilichokihisi mwenyewe nikiwa kwenye usukani.

Ile ya turbo ilikuwa na nguvu zaidi, hilo halina ubishi. Turbo huzungushwa na moshi wa ekzosi, nguvu ambayo ingepotea bure, na huweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Shida yangu ilikuwa kwenye kona. Unapunguza mwendo, unaingia, unakanyaga mafuta, kisha unangoja moshi utoshe kuizungusha. Nguvu inapofika inafika yote kwa mkupuo, na gari bado halijanyooka. Kwa gari jepesi linalosukumwa na matairi ya nyuma, hapo moyo unaruka.

Supachaja haikungojeshi. Yangu ni ya aina ya Roots, yenye rota mbili zinazosukuma hewa, na inavutwa na mkanda kutoka kwenye krenki, shafti kuu ya injini, kwa hiyo injini ikizunguka nayo inasukuma hewa papo hapo. Ukikanyaga kidogo unapata kidogo, ukikanyaga sana unapata sana. Natoka kwenye kona kali kwa gia ya tatu bila kushusha gia, na gari linanitii kwa kiasi kile kile nilichokusudia. Mlio wake wa kuvuma nao naupenda mno.

Ila inakula. Mkanda unachota nguvu ya injini yenyewe, na ukiendesha kwa fujo mafuta yanakwenda haraka. Roots pia hupasha hewa joto jingi, na hewa ya moto hufanya injini igonge, yaani mafuta yalipuke yenyewe ovyo ndani ya silinda, jambo linaloweza kutoboa pistoni. Ndiyo maana nilisisitiza kwa fundi afunge intakula, kipoza hewa inayoingia kwenye injini, tangu siku ya kwanza, presha ibaki ya chini, na kompyuta ya injini isetiwe upya ili mafuta na muda wa plagi kuwasha viendane na hewa iliyoongezeka. Usikubali kuondoka gereji kabla hayo hayajafanyika, hata kama umechagua turbo. Natumia petroli ya okteni ya juu tu, ile inayostahimili kugonga.

Lancia waliwahi kufunga vyote viwili kwenye Delta S4 ya rali mwaka 1985: supachaja kwa mizunguko ya chini, turbo kwa ya juu. Kwa gari la kuendesha kila siku naona ni mabomba mengi mno.

Kama unachotafuta ni nguvu nyingi kwenye barabara iliyonyooka, chukua turbo, tena ndogo inayoamka mapema. Ipe oili safi kwa wakati, na ukitoka kuikimbiza sana iache injini ingurume taratibu kidogo kabla ya kuzima.