Taa nyingi zimewaka kwenye dashibodi: tuanze na mashine au mita?

Gari la zamani likiwasha taa ya injini, ya ABS (breki zisizofunga magurudumu), ya eabegi (mfuko wa hewa wa kukinga abiria) na ya usukani kwa mkupuo, wengi hukimbilia mashine ya kusoma misimbo ya hitilafu. Mimi naanza na mita ya umeme.

Mifumo minne kuharibika dakika moja ni nadra mno. Kinachoiunganisha ni umeme: betri, alteneta inayoichaji na waya wa hasi unaounganisha betri na chuma cha gari. Volti zikishuka, kila kompyuta hulalamika na kuwasha taa yake. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima husoma takriban volti 12.6, injini ikiunguruma, 13.5 hadi 14.7. Ikibaki chini ya 13, kagua alteneta na mkanda unaoizungusha kabla hujanunua sensa yoyote. Kisha gusa kichwa hasi cha betri kwa ncha moja ya mita na chuma cha injini kwa nyingine, mwenzako akipiga stata. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti, safisha boliti yenye kutu au badilisha waya.

Mashine inang'ara umeme ukishakuwa sawa: hukutajia sensa ya gurudumu lipi imekufa. Ila vifaa vya bei rahisi mara nyingi husoma injini tu, ABS na eabegi havigusi. Andika misimbo yote, ifute, endesha, soma tena, fuata unaorudi.

Eabegi yenyewe usiipime kwa mita kamwe. Inaweza kufyatuka usoni pako.